Cheni inapigapiga fremu: kisa cha baiskeli ya gia 27 na direla yenye klachi

Baiskeli yenyewe ni ya milimani, fremu ya alumini, shokomzoba mbele tu. Mbele ina sproketi tatu za meno 44, 32 na 22. Nyuma kuna kaseti (rundo la sproketi) ya gia 9, meno 11 hadi 34. Shifta (kifaa cha kubadilishia gia kwenye usukani) na direla (kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kati ya sproketi) ni za Shimano za gia 9, na direla ni ya mkono mrefu, ule unaoning'inia na kukaza cheni, isiyo na klachi, yaani kizuizi cha msuguano kinachoutuliza mkono huo. Bomba la fremu linalofuata cheni, kutoka kwenye kranki hadi ekseli ya nyuma, lina urefu wa mm 440.

Mwenye nayo analalamika kwamba akishuka kwenye mawe cheni inalipiga bomba hilo mfululizo. Rangi imebanduka upande wa juu karibu na kaseti, na mara moja moja cheni huchomoka kwenye sproketi ya mbele. Anaendesha sana sproketi ya kati. Ameshaamua kwamba dawa ni direla yenye klachi, na anachouliza ni moja tu: anunue ipi?

Swali hilo limeruka hatua mbili. Ya kwanza ni kujua cheni inapigapiga kwa sababu gani. Ya pili ni kwamba Shimano haina direla yenye klachi inayokubaliana na shifta aliyonayo, kwa hiyo ununuzi hautaishia kwenye direla.

Kabla ya kununua chochote

Inua gurudumu la nyuma, lizungushe kwa pedeli, kisha shikilia pedeli zisiende huku gurudumu likiendelea kuzunguka. Angalia cheni ya juu. Ikilegea na kuning'inia, frihabu (sehemu ya habu inayoruhusu gurudumu kuzunguka pedeli zikiwa zimetulia) inakwama: kaseti inaburutwa na gurudumu na kuisukuma cheni mbele badala ya kutulia. Baiskeli ya namna hiyo itapiga kelele hata ikivalishwa direla ya bei kubwa kuliko zote, maana kila unapoacha kukanyaga, frihabu yenyewe ndiyo inayolegeza cheni. Safisha frihabu, ipake kilainishi chepesi au ibadilishe, halafu ndipo urudi kwenye suala la direla.

Kwenye kisa hiki frihabu ni nzima. Cheni ya juu inabaki imenyooka.

Jambo la pili ni mahali pa alama. Rangi iliyobanduka juu ya bomba ni kazi ya cheni ya juu. Alama za upande wa chini wa bomba zinaonyesha cheni ya chini inarushwa na mkono wa direla unaochezacheza. Bandika utepe wa karatasi juu na chini ya bomba, shuka mteremko uleule, kisha usome. Hapa utepe ulichafuka pande zote mbili, na wa chini zaidi. Hiyo ni dalili ya mkono wa direla usiotulia. Kelele ya waya wa gia au bomba la breki linalogonga fremu huwadanganya wengi, lakini yenyewe haiachi mafuta kwenye utepe.

Jambo la tatu ni springi ya mkono na roda zake mbili, yale magurudumu madogo yanayopitisha cheni. Usukume mkono mbele kwa kidole kisha uuachie: unatakiwa urudi kwa nguvu na bila kukwama. Kwenye baiskeli hii unarudi vizuri. Roda zimechakaa kidogo tu.

Linalobaki ni urefu wa cheni, na hapo ndipo penye habari nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Hesabu ya cheni ya ziada

Direla ya nyuma ina kazi mbili: kuhamisha cheni, na kumeza ile isiyotumika. Kadiri inavyobaki nyingi ya kumezwa, ndivyo mkono unavyokunjika zaidi kurudi nyuma, springi inavyokuwa dhaifu, na cheni ya chini inavyopata nafasi ya kuruka. Kiasi hicho kinakadirika. Chukua urefu wa bomba mara mbili (mm 880), ongeza mm 6.35 kwa kila jino la sproketi ya mbele na ya nyuma zinazotumika wakati huo, kisha utoe jumla hiyo kwenye urefu wa cheni nzima. Pingili moja ni mm 12.7.

Cheni ya baiskeli hii ina pingili 112, yaani takriban mm 1,422. Ni urefu sahihi kwa 44 mbele na 34 nyuma, haikukatwa vibaya. Mwendeshaji akishuka akiwa kwenye 32 mbele na 15 nyuma, cheni inayotumika ni kama mm 1,178. Ziada ni mm 244. Akihamia sproketi kubwa ya mbele, 44 kwa 15, ziada inashuka hadi mm 168. Yaani theluthi moja ya tatizo inaondoka kwa kubonyeza shifta ya kushoto kabla ya mteremko, bila kununua hata skrubu. Wengi wanaokwenda na sproketi tatu hawalifanyi hili kwa sababu gia kubwa inaonekana nzito, ingawa kwenye mteremko hawakanyagi.

Hesabu hiyohiyo inafichua jambo jingine. Kubaki na sproketi moja mbele hupunguza kelele pale tu kaseti isipokuzwa kupita kiasi. Ukiacha ya meno 32 peke yake na kaseti ileile ya 34, cheni inakatwa hadi pingili 106, na ziada kwenye 32 kwa 15 inakuwa mm 168. Lakini ukiweka 30 mbele na kaseti ya 46, cheni ni pingili 110, na ziada kwenye 30 kwa 15 ni mm 231. Tofauti na mm 244 za mwanzo ni ndogo mno kusikika. Kwa hiyo anayehamia kaseti kubwa bila klachi atalipia mabadiliko makubwa na kubaki na kelele zake.

Klachi inafanya nini hasa

Shimano iliingiza klachi kwenye direla za XTR mwaka 2011 kwa jina la Shadow RD+, na SRAM ikafuata mwaka 2012 na Type 2. Wazo ni lilelile: ndani ya ekseli ya mkono kuna beringi ya roda ndogo inayozunguka upande mmoja tu, na kitu cha kuleta msuguano. Mkono ukirudi nyuma kukaza cheni, beringi inaachia na springi inafanya kazi kwa uhuru. Mkono ukitaka kwenda mbele, yaani kulegea kwa sababu ya mtikisiko, beringi inashika na msuguano unauzuia.

Kwa Shimano kuna swichi ndogo ya kuwasha na kuzima, na msuguano unarekebishwa. Kwa SRAM klachi haizimwi wala hairekebishwi na mtumiaji. Badala yake kuna kitufe cha kufunga mkono ukiwa umesukumwa mbele ili gurudumu litoke kwa urahisi. Kwa anayetengeneza baiskeli yake mwenyewe, uwezo wa kukaza klachi iliyochoka ni sababu tosha ya kuegemea upande wa Shimano. Anayependelea kitu kisicho na la kurekebisha hatakosea kwa SRAM, mradi achukue na shifta yake.

Klachi huituliza cheni ya chini kuliko ya juu. Inauzuia mkono usitoe cheni, kwa hiyo jumla ya cheni iliyolegea haiongezeki. Lakini kipande kilicho juu kinaweza bado kugusa bomba kwenye pigo kubwa. Anayetegemea ukimya kamili atasikitika.

Kwa nini direla ya gia 10 haikai kwenye shifta ya gia 9

Hapa ndipo fedha hupotea. Shifta ya Shimano ya gia 9 huvuta waya takriban mm 2.5 kwa kila hatua, na direla yake huzidisha mvuto huo kwa karibu 1.7, hivyo roda inasogea kiasi kinachokaribia nafasi ya mm 4.35 kati ya sproketi na sproketi. Mwaka Shimano ilipoleta gia 10 za milimani ilibadilisha mfumo: shifta inavuta waya mwingi zaidi, takriban mm 3.4, na direla inauzidisha kidogo, kama 1.2.

Funga direla ya gia 10 yenye klachi kwenye shifta ya gia 9 uone: mm 2.5 mara 1.2 ni mm 3. Roda inapaswa kusogea mm 4.35. Hatua ya kwanza inakosa zaidi ya milimita moja, ya pili inakosa karibu tatu, na kufikia katikati ya kaseti cheni iko sproketi nyingine kabisa. Kukaza waya hakusaidii, kwa sababu kosa liko kwenye kila hatua. Fundi asiyejua hili atahangaika na skrubu ya waya nusu siku, kisha atasema direla ni mbovu.

Njia zilizokuwapo

Njia ya kwanza ni kutobadilisha direla: kuondoa 44 na 22, kuweka sproketi moja ya meno 32 yenye meno membamba na mapana yanayopishana, kukata cheni hadi pingili 106, na kuvalisha bomba kinga ya mpira. Gharama ni ndogo na ziada inapungua kwa theluthi. Kinachoikwamisha ni mlima. Gia nyepesi ya zamani ilikuwa 22 kwa 34, uwiano wa 0.65. Ya sasa ingekuwa 32 kwa 34, yaani 0.94, nzito kwa takriban asilimia 45. Kwa anayeendesha kwenye miinuko midogo hii ndiyo njia bora, na ni vizuri kuijaribu kabla ya nyingine. Mwenye baiskeli hii hupanda kwa muda mrefu, kwa hiyo haimfai.

Njia ya pili ni Microshift Advent: gia 9, direla yenye klachi inayozimwa na kuwashwa, na kaseti pana. Nayo inadai shifta yake yenyewe. Faida yake ni kwamba cheni inabaki ya gia 9, nene na rahisi kupatikana.

Njia ya tatu ndiyo iliyochaguliwa: Shimano Deore ya gia 10. Direla ni RD-M5120 ya mkono mrefu, shifta SL-M4100, kaseti CS-M4100 ya meno 11 hadi 46, cheni ya gia 10, na sproketi moja mbele ya meno 30. Angalia namba ya direla kwa makini dukani, kwa sababu RD-M4120 inafanana nayo, inachukua kaseti hizohizo na bei yake ni ndogo zaidi, ila haina klachi. Kununua hiyo ni kurudi mahali ulipoanzia.

Sababu ya 30 kwa 46: uwiano wake ni 0.65, sawasawa na 22 kwa 34. Mlima haupotei. Kinachopotea ni kasi ya juu, kutoka 44 kwa 11 hadi 30 kwa 11, yaani kutoka 4.0 hadi 2.7. Kwenye njia za mawe hakuna atakayeikumbuka. Kwenye lami ataikumbuka kila siku, na hilo lisemwe kabla fedha hazijatoka. Pia hatua ya mwisho ya kaseti hii, kutoka 37 hadi 46, ni ndefu na mguu unaisikia.

Gurudumu linabaki lilelile. Kaseti ya gia 10 inaingia kwenye frihabu ya kawaida ya Shimano ya gia 8, 9 na 10. Hii ndiyo sababu hatukupeleka kisa hiki kwenye gia 12: kaseti za Shimano za 10 hadi 51 zinadai frihabu ya Micro Spline, na hapo unaingia kwenye gharama ya habu au gurudumu zima.

Kufunga

Anza na hanga, kile kipande cha fremu kinachobeba direla. Kikipinda hata kidogo, kaseti pana haitakubali. Kipime kwa kifaa chake kikiwa kimelinganishwa na ukingo wa rimu sehemu nne. Hanga la alumini lililokwisha kunyooshwa mara kadhaa litupwe.

Ondoa direla ya mbele, shifta ya kushoto na waya wake. Kwenye kranki ya sproketi tatu yenye boliti nne za duara la mm 104, sproketi mpya inakaa upande wa ndani wa mikono ya kranki, palepale palipokuwa pa ile ya kati, na mstari wa cheni, yaani umbali wa sproketi kutoka katikati ya fremu, unabaki karibu mm 50. Sproketi za meno 30 za duara hili huwa na nyuzi ndani ya matundu yake kwa sababu nafasi ya nati haipo. Ukichagua ya 32 utahitaji boliti fupi za sproketi moja. Zile ndefu za zamani zitakaza zenyewe kwa zenyewe na kuiacha sproketi ikicheza.

Direla inafungwa kwa spana ya L ya mm 5, kwa nguvu ya N·m 8 hadi 10. Hakikisha ulimi wa skrubu ya B (inayopanga umbali kati ya roda ya juu na kaseti) umekaa nyuma ya kituo cha hanga kabla ya kukaza, usije ukaupinda. Klachi iwe imezimwa.

Cheni: izungushe kwenye 30 na 46 bila kuipitisha kwenye direla, ivute mpaka ikutane, kisha ongeza pingili mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Kwa bomba la mm 440 inatoka pingili 110; cheni mpya ya pingili 116 inakatwa sita. Hapa watu wengi huogopa na kuacha pingili mbili za akiba. Akiba hiyo ni mm 25 zaidi za cheni ya kurukaruka, na klachi itafanya kazi ya bure kuzishikilia. Ingekuwa baiskeli yenye shokomzoba ya nyuma, kipimo kingechukuliwa shokomzoba ikiwa imetolewa upepo na kuminywa hadi pale umbali wa ekseli na kranki ni mrefu kuliko wote. Ukipima ikiwa imesimama, cheni inaweza kuwa fupi na kuvunja mkono wa direla kwenye shimo la kwanza.

Weka waya mpya na kava mpya. Hapa si mahali pa ubahili. Klachi inafanya kuhamia sproketi kubwa kuwe kuzito, kwa kuwa kila hatua inausukuma mkono mbele dhidi ya msuguano. Waya wenye kutu uliovumilika na direla ya zamani hautavumilika na hii. Boliti ya waya ni N·m 6 hadi 7.

Rekebisha skrubu za mipaka ya juu na ya chini, zinazoizuia direla isipite sproketi za mwisho, kisha skrubu ya B cheni ikiwa kwenye 46, mpaka roda ya juu iwe karibu na sproketi bila kuigusa. Mm 5 hadi 6 ni mahali pazuri pa kuanzia. Ikiwa mbali sana gia zitachelewa kuhama, ikigusa utasikia mkwaruzo ukikanyaga kinyumenyume. Fanya marekebisho yote haya klachi ikiwa imezimwa, iwashe mwisho, kisha pitia gia zote tena. Gia iliyokaa vizuri ikiwa imezimwa na kugoma ikiwa imewashwa inaashiria waya unaokwama, mara chache klachi iliyokazwa mno.

Baada ya hapo

Utepe wa karatasi ulirudishwa kwenye bomba. Upande wa chini ulitoka safi. Upande wa juu ulikuwa na alama mbili tatu karibu na kaseti, na hizo zilimalizwa na kinga ya mpira yenye matuta. Kipande cha tyubu ya zamani kilichofungwa vizuri kinafanya kazi ileile. Sproketi yenye meno ya kupishana ndiyo iliyozuia cheni kuchomoka, na ingefanya hivyo hata bila klachi kwenye njia za wastani. Kwenye mawe makubwa vinahitajiana.

Klachi hulegea kadiri inavyotumika. Kipimo ni kusukuma mkono mbele kwa kiganja, kwanza ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imewashwa. Tofauti iwe kubwa na isiyo na shaka. Ikififia, fungua kifuniko na ukaze msuguano swichi ikiwa imewashwa. Modeli hutofautiana, nyingine zinadai spana ya L ya mm 2, nyingine spana ya mm 5.5. Kaza robo duru, jaribu, kaza tena. Ukizidisha, shifta itakuwa ngumu kidoleni unapohamia sproketi kubwa. Usiijaze grisi ya kawaida: beringi ya upande mmoja inahitaji grisi maalumu, na ile nzito huzifanya roda zake ziteleze badala ya kushika, hapo klachi inakuwa pambo.

Kabla ya kutoa gurudumu, zima klachi. Ukisahau, gurudumu litatoka kwa kupigana na mkono, na ukilirudisha kwa nguvu ndipo hanga linapopinda.

Cheni ipimwe kwa geji na kubadilishwa ikirefuka asilimia 0.75. Cheni iliyorefuka kiasi hicho ina zaidi ya nusu pingili ya ziada kwenye urefu wake wote, na haishikwi sawasawa na meno yanayopishana mbele. Klachi ikikazwa hadi mwisho na mkono bado ukienda mbele kwa urahisi, sehemu za msuguano ndani zimekwisha: tafuta kipuri chake, au badilisha direla na kubaki na shifta, kaseti na cheni zilezile.